Kutoka Jumla hadi Mchango: Takwimu katika Mashindano ya Roboti

Utangulizi

Jumla ni namba inayoficha mengi. Mizani ya ghala la chama cha ushirika yaweza kuonyesha kwamba magunia matatu ya korosho yaliyopakiwa pamoja yana uzito wa kilo 240. Haionyeshi lakini ni gunia lipi lililojaa na ni lipi lililopungua. Mtu anayetaka kujua uzito wa kila gunia, naye haruhusiwi kulipima peke yake, hana budi kuyapima magunia hayo kwa makundi mbalimbali, mara hili na lile, mara lile na jingine, kisha atumie hesabu ili atenganishe kilichochanganyika.

Tatizo la namna hiyo hiyo hujitokeza katika mashindano ya roboti yanayowashirikisha wanafunzi wa shule za sekondari. Huko roboti kadhaa hucheza kwa pamoja, na ubao wa matokeo huandika namba moja tu kwa ajili ya zote. Makala haya yanaeleza jinsi takwimu zinavyoweza kukadiria mchango wa kila timu kutokana na jumla hizo, na pia mahali ambapo makadirio hayo hukoma kuaminika. Hesabu zinazohitajika hazizidi milinganyo ya kawaida ambayo mwanafunzi wa sekondari ameizoea.

Mashindano yenyewe

Shirika la FIRST lilianzishwa nchini Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen. Mashindano yake ya kwanza ya roboti yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Manchester, jimbo la New Hampshire, na yalihudhuriwa na timu 28. Leo timu zinahesabiwa kwa maelfu. Kila mwaka hutangazwa mchezo mpya, kama vile kurusha mipira kikapuni, kupanga masanduku, au kupanda juu ya vyuma. Wanafunzi hupewa wiki chache tu za kubuni na kuunda roboti inayoweza kuucheza.

Tangu mwaka 2005 kila mechi huchezwa na miungano miwili, mwekundu na wa buluu, na kila muungano una timu tatu. Mechi hudumu kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi. Ratiba hupangwa na kompyuta, nayo huwabadilisha wenzi katika kila mechi: timu iliyokuwa mwenzi asubuhi huwa mpinzani alasiri. Pointi zote zinazopatikana huandikwa kwa jina la muungano.

Baada ya mechi za awali, timu nane zilizo juu katika msimamo huwa viongozi wa miungano ya mchujo, na kila kiongozi huchagua wenzi wake kutoka miongoni mwa timu nyingine. Hapa ndipo swali la mchango linapokuwa na uzito. Timu dhaifu yaweza kushika nafasi ya juu kwa sababu ratiba iliiweka mara nyingi pamoja na timu hodari. Vivyo hivyo timu hodari yaweza kuzama chini kwa sababu iliwabeba wenzi walioharibikiwa. Kiongozi anayetazama msimamo peke yake atachagua vibaya, na kazi nzuri ya wanafunzi fulani itabaki bila kuonekana.

Timu kubwa hulitatua tatizo hili kwa macho. Huwakalisha wanafunzi sita jukwaani, kila mmoja akifuatilia roboti moja na kuandika kila inachofanya, tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Timu ndogo yenye wanafunzi kumi, ambao nusu yao wanakaza skrubu na kuchaji betri, haina watu wa kutosha kwa kazi hiyo. Kwa timu kama hiyo, matokeo yaliyoandikwa ubaoni na kalamu yenye hesabu sahihi ni msaada mkubwa.

Jambo hili halihusu Marekani peke yake. Mwaka 2017 vijana wa nchi zaidi ya 150, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki, walikutana mjini Washington katika mashindano ya kwanza ya FIRST Global, ambamo pia timu za nchi mbalimbali hucheza kwa miungano. Zaidi ya hayo, hesabu zinazoelezwa hapa hufaa popote ambapo watu hufanya kazi kwa makundi na makundi hayo hubadilika.

Kwa nini wastani hautoshi

Njia inayomjia mtu haraka ni kuchukua jumla za muungano katika mechi zote ambazo timu imecheza, kutafuta wastani, kisha kuugawanya kwa idadi ya wenzi. Njia hii ni rahisi, lakini haitendi haki.

Ili kuonyesha hivyo, utachukuliwa mfano mdogo wa timu nne, A, B, C na D, zinazocheza kwa miungano ya timu mbili. Mashindano ya namna hiyo yapo. Katika ngazi nyingine ya FIRST kila muungano una timu mbili. Kila timu imekuwa mwenzi wa kila nyingine mara moja:

Mechi ya 1: A na B pointi 52, C na D pointi 32
Mechi ya 2: A na C pointi 60, B na D pointi 22
Mechi ya 3: A na D pointi 40, B na C pointi 34

Jumla za timu A katika mechi tatu ni 52 + 60 + 40 = 152. Wastani ni 50.7, na nusu yake ni 25.3. Kwa timu B jumla ni 108, na nusu ya wastani ni 18. Kwa timu C jumla ni 126, na nusu ya wastani ni 21. Kwa timu D jumla ni 94, na nusu ya wastani ni 15.7.

Kwa hesabu hiyo timu A inaizidi timu D kwa pointi 10 hivi. Lakini tazama matokeo kwa makini. Timu B ilipocheza na A, muungano ulipata 52. Timu B hiyo hiyo ilipocheza na D, muungano ulipata 22. Tofauti ni 30. Timu C ilipocheza na A ilipata 60, na ilipocheza na D ilipata 32. Tofauti ni 28. Ni dhahiri kwamba pengo baina ya A na D liko karibu na 30, wala si 10. Wastani umechukua sehemu ya jasho la A ukawapa wenzi wake, na umeificha D nyuma ya wengine.

Kutoka matokeo hadi milinganyo

Njia bora huanza na dhana moja: kwamba jumla ya muungano ni sawa na mchango wa timu moja kujumlisha na mchango wa nyingine. Herufi A, B, C na D zikisimama badala ya michango ya timu, matokeo ya hapo juu huwa milinganyo sita:

A + B = 52
C + D = 32
A + C = 60
B + D = 22
A + D = 40
B + C = 34

Namba zisizojulikana ni nne, na milinganyo ni sita. Mwanafunzi aliyezoea kutatua milinganyo miwili yenye namba mbili zisizojulikana atashawishika kuchukua minne na kuiacha miwili. Akifanya hivyo atapata jawabu, lakini mwenzake akichagua minne mingine atapata jawabu tofauti. Sababu yake ni kwamba milinganyo hii haipatani. Mlinganyo wa kwanza na wa pili pamoja vinasema kwamba A + B + C + D ni 84. Wa tatu na wa nne, kwamba ni 82. Wa tano na wa sita, kwamba ni 74.

Kutopatana huku si kosa la mwandikaji. Roboti si mashine ya kiwandani inayotoa kiasi kile kile kila siku. Betri hupungua nguvu, mnyororo hukatika, dereva hupatwa na wasiwasi. Kila jumla ina sehemu inayotokana na uwezo wa timu na sehemu nyingine inayotokana na bahati. Kazi ya takwimu ni kutafuta michango inayopatana na matokeo yote kwa kadiri iwezekanavyo, bila kutupa hata moja.

Njia ya miraba midogo kabisa

Kanuni inayotumika ina umri wa zaidi ya miaka 200. Mfaransa Adrien-Marie Legendre aliichapisha mwaka 1805, na Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliichapisha mwaka 1809, akidai kwamba alikuwa ameitumia tangu 1795. Wote wawili walishughulika na njia za sayari na vimondo angani, ambako vipimo vingi vyenye makosa madogo hutakiwa kutoa jawabu moja. Katika miaka ya 2000 wapenzi wa mashindano ya roboti waliichukua kanuni hiyo hiyo wakaipatia kazi mpya. Kipimo kinachopatikana hujulikana kwa herufi OPR, na maana yake ni kipimo cha nguvu ya timu katika kufunga pointi.

Kanuni yenyewe ni hii. Kwa kila mechi, toa jumla iliyokadiriwa kutoka katika jumla iliyoonekana. Tofauti hiyo na iitwe kosa. Kila kosa huzidishwa kwa lenyewe ili kupata mraba wake, na miraba yote hujumlishwa. Michango bora ni ile inayoifanya jumla ya miraba iwe ndogo kabisa. Miraba hutumika ili makosa ya juu na ya chini yasifutane, na ili kosa kubwa moja lihesabiwe kuwa baya zaidi kuliko makosa madogo mengi.

Je, michango hiyo hupatikanaje? Makosa ya timu A katika mechi zake tatu na yaitwe p, q na r. Mchango wa A ukiongezwa kwa kiasi kidogo h, makosa yatakuwa p − h, q − h na r − h, na jumla ya miraba yake itakuwa:

(p² + q² + r²) − 2h(p + q + r) + 3h²

Ikiwa p + q + r si sifuri, basi ipo h ndogo inayoweza kuipunguza jumla hiyo. Kwa hiyo jumla haiwezi kuwa ndogo kabisa mpaka makosa ya A yajumlishwe na kutoa sifuri. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa kila timu. Kanuni inakuwa rahisi kukumbukwa: kwa kila timu, jumla ya matokeo yaliyoonekana katika mechi zake lazima ilingane na jumla ya matokeo yaliyokadiriwa.

Timu A ilicheza mara tatu, mara moja na kila mwenzi. Kwa hiyo:

3A + B + C + D = 152

Michango yote ikijumlishwa na kuitwa J, mlinganyo huu huandikwa 2A + J = 152. Kwa njia hiyo hiyo:

2B + J = 108
2C + J = 126
2D + J = 94

Ijumlishwe milinganyo yote minne. Upande wa kushoto hupatikana 2J + 4J, yaani 6J. Upande wa kulia hupatikana 480. Basi J = 80, na majawabu hufuata mara moja:

A = 36, B = 14, C = 23, D = 7

Pengo baina ya A na D ni pointi 29, kama macho yalivyoshuku. Makosa sasa ni haya: katika mechi ya kwanza +2 kwa kila muungano, katika ya pili +1, na katika ya tatu −3. Jumla ya miraba ni 4 + 4 + 1 + 1 + 9 + 9 = 28. Mwenye shaka na ajaribu kuweka A = 37 bila kubadili nyingine; atapata 31. Akiweka A = 35 atapata pia 31.

Mashindano makubwa

Katika mashindano ya kweli timu ni nyingi na muungano una timu tatu, lakini fikra haibadiliki. Ichukuliwe kwamba zipo timu 36 na kila moja hucheza mechi 12. Nafasi za kucheza ni 36 × 12 = 432. Kila mechi hutumia nafasi 6, hivyo mechi ni 72, na kwa kuwa kila mechi hutoa jumla mbili, milinganyo ni 144 kwa namba 36 zisizojulikana. Kompyuta ndogo huimaliza kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua.

Upesi huo una hatari yake. Baada ya kila timu kucheza mechi tatu, mechi ni 18 na milinganyo ni 36, sawa na idadi ya timu. Wakati huo kwa kawaida kompyuta yaweza kupata michango inayolingana na matokeo yote bila kosa hata kidogo. Asiyejua hufurahi akadhani amepata ukweli kamili. Kumbe makosa yamekosekana kwa sababu hakuna mlinganyo wa ziada wa kuyafichua; bahati yote ya siku ile imemezwa ndani ya michango. Usahihi huja polepole kadiri milinganyo inavyozidi kuwa mingi kuliko timu, na kwa kawaida ya takwimu, kupunguza wasiwasi wa kadirio kwa nusu hudai matokeo mara nne.

Kwa hiyo kadirio hupimwa vizuri kwa mechi ambazo halikuzitumia. Michango ikokotolewe kwa mechi 60 za kwanza, kisha itumike kubashiri mechi 12 zilizobaki. Kipimo kinachosifiwa kwa mechi zile zile zilizokizaa ni sawa na mtahiniwa aliyepewa majibu kabla ya mtihani.

Mahali hesabu inaposhindwa

Hesabu yote hapo juu imesimama juu ya dhana moja, kwamba michango hujumlishwa. Dhana hiyo huwa kweli au uongo kulingana na mchezo wa mwaka.

Mwaka 2015 mchezo ulikuwa wa kupanga makasha, na kila muungano ulifanya kazi upande wake wa uwanja bila kuzuiwa na wapinzani. Kwa mchezo wa namna hiyo dhana ya kujumlisha inafaa vizuri. Mwaka 2014, kinyume chake, muungano ulipewa pointi za ziada kwa kupasiana mpira kabla ya kufunga: pointi 10 roboti mbili zikishirikiana, na pointi 30 zikishirikiana zote tatu. Pointi hizo 30 ni za nani? Hakuna roboti ingeweza kuzipata peke yake, na kuzigawa kwa hesabu ya kujumlisha ni kama kuuliza ni jiwe lipi kati ya mafiga matatu lililobeba chungu. Nao mwaka 2018 pointi zilipatikana kwa kila sekunde ambayo muungano ulishikilia mizani iliyowekwa uwanjani. Kwa hiyo jumla ya upande mmoja ilitegemea sana nguvu ya upande wa pili.

Yapo pia mambo mengine. Roboti inayokaa njiani ikiwazuia wapinzani haifungi pointi, na hesabu hii humpa dereva wake namba ndogo ingawa huenda ndiye aliyeshinda mechi. Pointi zinazotokana na adhabu za wapinzani huingia katika jumla, na zisipotolewa hupotosha. Timu iliyotengeneza mkono mpya usiku wa kuamkia siku ya pili hupimwa pamoja na udhaifu wake wa jana. Na timu mbili ambazo ratiba haikuzitenganisha hata mara moja haziwezi kutenganishwa na hesabu yoyote.

Haya hayaondoi thamani ya kipimo. Yanaonyesha jinsi kinavyostahili kutumiwa. Namba kubwa ya timu iliyo chini katika msimamo ni wito wa kwenda kuitazama timu hiyo ikicheza, na namba ndogo ya timu inayosifiwa ni wito huo huo. Timu ndogo isiyoweza kufuatilia roboti 36 yaweza kutumia hesabu kuteua tano au sita, na kuzifuatilia hizo kwa macho. Kiongozi anayechagua kwa namba peke yake ataiacha nje roboti inayopasia mipira. Naye anayechagua kwa macho peke yake atavutwa na roboti iliyong'ara katika mechi moja aliyoiona.

Walimu watatambua kwamba tahadhari hii inahusu pia kazi za vikundi darasani. Vikundi vikibadilishwa kila wiki na kupewa alama moja kila kimoja, mchango wa kila mwanafunzi unaweza kukadiriwa kwa njia hii hii. Lakini mwanafunzi anayewaeleza wenzake somo mpaka wakalielewa anawaachia elimu hata baada ya kuhama kikundi, na hesabu itawaandikia wao kile alichotoa yeye. Kwa hiyo kadirio la namna hiyo lisitumike kumpa mtu alama za mwisho. Limsaidie mwalimu kujua ni wapi atazame kwa karibu zaidi.

Maswali

1. Timu K, L na M zilicheza kwa miungano ya timu mbili. Matokeo yalikuwa K + L = 44, L + M = 36 na K + M = 50. Tafuta mchango wa kila timu.

2. Baadaye K na L walicheza pamoja tena wakapata 38. Tafuta michango mipya kwa njia ya miraba midogo kabisa. Mchango wa M umepanda ingawa M haikucheza mechi hiyo. Eleza sababu.

3. Katika mfano wa timu A, B, C na D, ondoa mechi ya tatu. Onyesha kwamba milinganyo minne inayobaki haiwezi kutoa jawabu moja tu.

4. Taja mchezo mmoja unaochezwa shuleni ambamo michango ya wachezaji hujumlishwa, na mwingine ambamo haijumlishwi. Toa sababu.

Majibu: (1) K = 29, L = 15, M = 21. (2) K = 27.5, L = 13.5, M = 22.5. K na L wanaposhushwa, M lazima ipande ili matokeo yake pamoja nao yaendelee kulingana na yale yaliyoonekana. (3) A na D zikiongezwa kwa kiasi chochote, na B na C zikipunguzwa kwa kiasi hicho hicho, jumla zote nne hubaki kama zilivyokuwa.